Ndoa Ikivunjika, Nani Anabaki na Nini?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na msaidizi wa kisheria mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia huko Msambweni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali machache ya mwisho.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka upesi.

Barua ya mwaliko ilisema nije kuzungumza juu ya hesabu za vikundi. Lakini kila ninapotembelea vikundi, kuanzia Kinango mpaka Lungalunga, nikishamaliza habari ya vitabu vya fedha, kuna mama hubaki nyuma wakati wenzake wanakunja mikeka. Anasubiri wote waondoke, halafu anauliza kwa sauti ya chini: "Nikiachwa leo, nitatoka na nini?" Siku hizi hata akina baba huuliza, ingawa wao hupitia mbali kidogo, wanasema wana rafiki mwenye shida hiyo. Basi nimemwomba mwenyekiti tulijibu swali hilo hapa mbele ya wote.

Najua kuna watakaosema kanisa linafundisha watu kuachana. Hapana. Mtu akijua njia ya kwenda hospitali ya Msambweni si kwamba anatamani kuugua. Wengi walioumia katika jambo hili hawakuumia kwa sababu sheria ilikuwa mbaya. Waliumia kwa sababu walijua habari zake baada ya shamba kuuzwa.

ULIFUNGA NDOA GANI?

Kabla ya kuuliza habari ya mali, jiulize hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilikusanya sheria saba za zamani ikaziweka mahali pamoja, na inatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya Kikristo, ya serikali na ya Kihindu ni za mume mmoja na mke mmoja. Ya kimila na ya Kiislamu huhesabiwa kuwa zinaweza kuwa za wake zaidi ya mmoja. Zote tano zina uzito sawa mbele ya sheria, na zote zinatakiwa kuandikishwa. Hata ya kimila. Tangu mwaka 2017 ndoa ya kimila huandikishwa kwa msajili na watu wakapewa cheti. Hapa Kwale ni wachache waliofanya hivyo. Mahari ikishapelekwa, mnazi ukinywewa na wazee wakibariki, tunaona kazi imekwisha.

Na hilo la mahari, watu wengi wamepotoshwa. Kuna mama huambiwa, "Wewe hukuolewa, mahari yako haikuisha." Sheria inasema pale ambapo mila hudai mahari, sehemu ndogo tu iliyotolewa inatosha kuwa ushahidi wa ndoa. Mbuzi wawili kati ya kumi ni mahari. Kinachobaki ni deni kati ya wakwe, wala hakifuti ndoa.

Sasa kuna kundi la sita, ambalo sheria haikuliweka katika hesabu, nalo ni kubwa sana Ukunda na Diani kote: njoo-tukae. Mmekutana kazini hotelini, mmepanga chumba, mtoto wa kwanza, wa pili, miaka kumi na miwili imepita. Hakuna mzee aliyetumwa kwa wakwe, hakuna padri, hakuna Kadhi. Mahakama inaweza kuwahesabu kuwa mume na mke, lakini Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba jambo hilo lifanywe kwa nadra. Anayedai kuwa kulikuwa na ndoa ndiye wa kuthibitisha: mmekaa pamoja muda mrefu, mlikuwa huru kuoana, mlikusudia na kukubaliana kuwa mume na mke, na watu waliwajua hivyo. Ukishindwa kuthibitisha, wewe mbele ya sheria ulikuwa mpangaji mwenza. Mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba hata pasipo ndoa, mtu aliyetia jasho lake katika mali anaweza kudai sehemu yake, lakini njia hiyo ni ndefu na ni ya gharama. Ninyi vijana wa mlangoni, hapo ndipo nilitaka msikilize.

KUTENGANA SI TALAKA

Bwana amehamia Mombasa miaka minane. Bibi amerudi kwao Shimba Hills. Kila mtu anasema wameachana. Je, wameachana? Kwa sheria, bado ni mume na mke, hata ipite miaka ishirini. Akifa mmoja leo, yule mwingine anaweza kusimama kama mjane wake, na huyo mwenzi mpya aliyemwuguza akakosa nafasi. Na kama ndoa ya kwanza ilikuwa ya kanisani au ya serikali, akifunga nyingine kabla ya talaka, hilo ni kosa la jinai, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano.

Watu huniletea karatasi yenye mhuri. Wameandikiana kwa wakili au kwa chifu: "Sisi wawili tumeachana kwa hiari." Chifu hana uwezo wa kuvunja ndoa. Wakili hana. Hata mchungaji hana. Karatasi ile inaweza kuwa ushahidi wa mlivyopatana, lakini haikutoi katika ndoa. Ndoa ya Kikristo, ya serikali na ya kimila huvunjwa na mahakama ya hakimu, na kwetu mtu anaweza kufungua kesi hiyo Kwale. Sababu zinazokubaliwa ni kama uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au kwamba ndoa imevunjika kabisa hata haitengenezeki.

Wazee wa kaya na wazee wa ukoo wana kazi yao, nasi tusiwadharau. Kwa ndoa ya kimila, sheria yenyewe inaruhusu wanandoa wapitie kwanza kwa wazee ili wapatanishwe. Kwa Wakristo pia, kanisa linaweza kuombwa kupatanisha. Mimi nimeona wazee wakiokoa ndoa ambayo mahakama ingeivunja kwa dakika ishirini. Lakini wazee wakisema, "Sasa basi, kila mtu na njia yake," maneno hayo hayatoshi tena. Lazima yafike mahakamani.

KWA NDUGU ZETU WAISLAMU

Hapa Kwale Waislamu ndio wengi, na katika vikundi vyenu vingi wamo, kwa hiyo siwezi kupita upesi. Ndoa ya Kiislamu hufungwa na kuvunjwa kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi uwezo juu ya ndoa, talaka na mirathi ikiwa pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa huko.

Wanawake wengi wanafikiri talaka ni ya mume tu, na wao kazi yao ni kungoja. Si hivyo. Kuna talaka, ambayo mume hutoa. Kuna khului, ambapo mke huomba kuachwa na hurudisha mahari au kitu walichopatana. Na kuna faskhi, ambapo Kadhi mwenyewe huivunja ndoa kwa sababu kama mume kutotoa matumizi, kumdhuru mke au kupotea asijulikane alipo. Baada ya talaka kuna eda, kwa kawaida ya mizunguko mitatu ya hedhi, na kwa mwenye mimba mpaka ajifungue. Katika talaka ya kwanza na ya pili mume anaweza kumrejea mke eda ikiwa haijaisha, na muda huo bado anawajibika kwa matumizi yake.

Ushauri wangu mkubwa hapa ni karatasi. Mume akitamka talaka, iwe kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu kama wanavyofanya vijana wa siku hizi, nenda ukaandikishe kwa Kadhi. Nimekutana na mama ambaye hajui kama ameachwa au hajaachwa, mume anasema hili kwa wazee na lile kwa chifu.

Kuhusu mali, sheria ya mali ya ndoa inasema Mwislamu anaweza kutawaliwa na sheria ya Kiislamu. Kwa sheria hiyo, mali ya mke ni yake. Mahari ni yake. Vyombo alivyonunua, dhahabu aliyopewa, duka aliloanzisha kwa fedha zake, ni vyake wala mume hana fungu ndani yake. Lakini upande wa pili ni huo huo: mali ya mume ni ya mume. Kwa hiyo dada yangu Mwislamu aliyetoa fedha zake kumjengea mume nyumba bila kuandika popote, yuko mahali pagumu kuliko anavyodhani. Kama mmechanga, semeni mmechanga, na mashahidi waweke sahihi. Qurani yenyewe imeagiza deni liandikwe, masheikh watanisaidia hapo.

MALI

Sasa tufike penye shida yenyewe.

Mpaka mwaka 2013 Kenya ilikuwa ikigawa mali ya ndoa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Elfu moja mia nane themanini na mbili! Bibi zetu walikuwa hawajazaliwa. Majaji walivutana kwa miaka mingi kama kazi ya mke nyumbani ni mchango au si mchango. Mwaka 1991, katika kesi ya Kivuitu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa mchango usio wa fedha huhesabika. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, mahakama hiyo hiyo ikageuka, na mama aliyekuwa amepewa nusu ya shamba akapunguziwa mpaka robo.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa, na wakati wa kuivunja. Mwaka 2013 Bunge likatunga Sheria ya Mali ya Ndoa. Sheria hii inasema mchango si fedha tu. Kupika na kuitunza nyumba ni mchango. Kulea watoto ni mchango. Kulima shamba, kusimamia biashara ya familia, hata kuwa mwenzi wa huyo mtu, vyote vimeandikwa humo.

Akina mama waliposikia hivyo wakashangilia, wakasema sasa ni nusu kwa nusu. Hapana, pole pole. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi iitwayo JOO na MBO. Ilisema usawa wa kifungu cha 45 hauna maana kwamba kila mtu anapata nusu moja kwa moja. Kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake, na mahakama itapima. Inaweza kuwa nusu, inaweza kuwa theluthi, inaweza kuwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo swali la yule mama aliyebaki nyuma wakati wa kukunja mikeka, jibu lake ni hili: utatoka na kile utakachoweza kukionyesha.

Na hapa ndipo vikundi vinaingia. Mnakumbuka nilialikwa kuzungumza juu ya vitabu? Tuseme kuna mama, tumwite Mwanasha. Mwaka 2016 alipata zamu yake ya mzunguko katika kikundi, akampa mumewe fedha zote anunue mabati na saruji. Mwaka 2019 akakopa kikundini akanunua mbuzi, wakauzwa, zikachimba kisima. Leo bwana anasema, "Nyumba hii nimejenga mimi kwa mshahara wa hoteli." Mwanasha ana nini mkononi? Ana kitabu cha kikundi chenye tarehe, kiasi na sahihi ya mweka hazina. Ana taarifa ya M-Pesa. Ana risiti ya duka la vifaa, kama hakuitumia kuwashia moto. Kitabu chenu kile mnachoandika kwa kalamu iliyoisha wino, siku moja kinaweza kuwa shahidi wa mtu. Andikeni vizuri. Andikeni pia mkopo ni wa kazi gani: "mabati ya nyumba", "karo", "mashua". Msiandike "matumizi" tu.

Mali ya ndoa ni ipi? Ni nyumba ya familia, vyombo na vitu vya ndani, na mali nyingine mnayoimiliki pamoja mliyoipata mkiwa katika ndoa. Ulichokuwa nacho kabla ya kuoana, au ulichokuwa umerithi kabla, ni chako. Lakini mwenzako akikiboresha, kwa mfano akipanda mikorosho kwenye shamba lako au akatia paa la mabati badala ya makuti, anapata haki kwa kiasi cha jasho lake.

Jina la kwenye hati pia si mwisho wa maneno. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiwa na jina la mmoja, sheria huanza kwa kudhani kwamba amemshikia mwenzake pia. Ikiwa na majina yote mawili, hudhaniwa mna haki sawa. Kudhani huko kunaweza kupingwa kwa ushahidi. Na wakati ndoa bado ipo, mali ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Nyumba ya familia inataka ridhaa ya maandishi. Wala mume hawezi kumtoa mke nyumbani, au mke kumtoa mume, kwa kumtupia masanduku nje. Ni amri ya mahakama tu.

Ukisikia harufu ya shamba kuuzwa, usikae kulia. Nenda ofisi ya ardhi Kwale, fanya ile watu huita sachi, ujue jina lililoko kwenye rekodi. Ukiwa na haki ndani yake, unaweza kuomba msajili aweke zuio ili lisihamishwe. Na kama ni shamba la kilimo, uuzaji hupitia Bodi ya Ardhi. Nenda siku ya kikao, useme.

SHAMBA LA BABA MKWE

Lakini nisiwadanganye. Sheria hii imetungwa kama kwamba kila familia ina ploti yake na hati yake. Kwetu Kwale sivyo. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye shamba la ukoo. Hati, kama ipo, ina jina la babu aliyekwisha kufa. Kwingine watu wanaishi juu ya ardhi isiyokuwa yao kwa karatasi, ingawa makaburi ya wazee wao yako pale. Na mti tumezoea uwe wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine: minazi ya mjomba, udongo wa baba. Wadigo tunajua habari za mjomba, na Waduruma wana koo za upande wa baba na za upande wa mama.

Sheria inasema mali inayoshikwa kwa amana ya kimila si mali ya ndoa. Kwa maneno mengine, mke akiachwa hawezi kudai shamba la ukoo ligawanywe. Hilo linawaumiza akina mama wengi waliolima shamba lile miaka thelathini. Ila sheria hiyo hiyo inasema mahakama inapogawa mali iangalie mila, ikiwa hazipingani na Katiba, pamoja na nafasi ya mke au aliyekuwa mke kuingia na kuitumia ardhi ya ukoo. Na nyumba uliyochangia kuijenga, hata ikiwa juu ya ardhi ya ukoo, unaweza kudai thamani ya mchango wako. Kwa maoni yangu, hapa wazee wetu wanaweza kufanya zaidi ya mahakama. Mahakama inatafuta hati. Wazee wanajua nani alipanda mnazi upi. Basi wakae, waamue, na waandike walichoamua, mahakama ipate cha kushika.

Jambo moja la Diani nisilisahau. Mgeni kutoka Ulaya ameoa au ameolewa na mtu wetu. Katiba, kifungu cha 65, hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, isizidi miaka 99. Kwa hiyo nyumba huandikwa jina la mwenzi Mkenya. Mapenzi yakiisha, mgeni analia fedha zake na Mkenya anasema alipewa zawadi. Zawadi kati ya wanandoa kweli huhesabiwa kuwa ya aliyepewa, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Nimeona watu wetu wakidhulumiwa, nimeona pia watu wetu wakidhulumu.

Na madeni? Deni la kabla ya ndoa ni la aliyelikopa. Deni lililokopwa ndani ya ndoa kwa faida ya familia hubebwa na wote wawili sawa. Mkopo wa kikundi uliolipa karo haumfuati mama peke yake.

WATOTO

Mzazi anaweza kuachana na mzazi mwenzake. Mtoto haachwi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe walioana au hawakuoana. Baba wa njoo-tukae hawezi kujificha nyuma ya maneno kwamba hakutoa mahari.

Mahakama ikiamua mtoto akae na nani, haiangalii nani alikosea katika ndoa. Inaangalia faida ya mtoto. Anayekaa naye na anayelipa wanaweza kuwa watu tofauti, na yule asiyekaa naye ana haki ya kumwona. Kumficha mtoto ili baba aumie, au kuzuia fedha za chakula mpaka mama akubali kurudi, yote mawili ni kumtumia mtoto kama fimbo.

Huhitaji kungoja talaka ili kudai matunzo. Anza kwa ofisa wa watoto. Atawaita wote wawili, na mara nyingi mapatano huandikwa pale pale. Yakishindikana, mahakama ya watoto. Anayekaidi amri ya mahakama anaweza kufungwa. Lakini kama hali imebadilika kweli, rudi mahakamani uombe kiasi kipunguzwe, usiache tu kulipa. Mgodi wa Base Titanium ulipomaliza kuchimba Desemba 2024, akina baba kadhaa walijikuta bila mshahara, na amri ya mahakama ilikuwa bado ni ile ile ya siku za mshahara. Ndivyo ilivyo kwa wafanyakazi wa hoteli wakati wa masika.

Matunzo ya mwenzi nayo yapo. Mahakama inaweza kuamuru mmoja amtunze mwenzake, na sheria haikusema ni mume tu wa kutoa.

Nimalize upande huu kwa jambo la vipigo. Kama kuna kupigwa, habari ya mapatano ningoje kwanza. Sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia jeuri ya nyumbani inaruhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi, hata kumzuia mpigaji asikaribie nyumba. Nenda hospitali, ukaandikiwe ulivyoumia, kisha polisi ujaziwe fomu ya P3. Simu 1195 ni ya bure, na ya watoto ni 116. Wazee wanaomrudisha mama aliyevimba uso ili "akavumilie", mimi siwaungi mkono, na nimewaambia hivyo ana kwa ana.

Mtu asiye na fedha za wakili anaweza kusimama mwenyewe mahakamani. FIDA Kenya wana ofisi Mombasa, wanawasaidia akina mama wasiojiweza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo inawahusu maskini wote, wanaume kwa wanawake.

MASWALI

Mzee mmoja: Mimi nilitoa ng'ombe kwa wakwe. Mke ameondoka kwa hiari yake. Nitarudishiwa ng'ombe wangu?

Baba, kwa mila jambo hilo hujadiliwa na wazee wa pande zote, na huangaliwa nani alivunja nyumba na kama kuna watoto. Msikilizane huko. Ila mambo mawili: kurudishwa au kutorudishwa kwa ng'ombe hakuvunji ndoa, na mtoto hashikwi rehani kwa ajili ya ng'ombe. Wasikuambie watoto ni wako kwa sababu ulitoa mahari, wala wasikuambie si wako kwa sababu umerudishiwa.

Mama mmoja: Mume wangu alinitamkia talaka kwa simu mwaka 2019. Sina karatasi. Sasa nimepata mchumba.

Usifunge ndoa bado, mwanangu. Nenda kwa Kadhi na ndugu waliojua habari hiyo, na kama ujumbe ule bado uko kwenye simu, usiufute. Kadhi atamwita huyo bwana. Akikubali, utapewa cheti cha talaka na tarehe ya eda itajulikana. Akikataa, au asipoonekana, omba faskhi kwa miaka hii yote ambayo hakukutunza. Mchumba kama ana nia, atangoja.

Mweka hazina wa kikundi: Bwana wa mwanachama alikuja kikaoni akadai hisa za mkewe, akisema wameachana na fedha zilikuwa zake. Tulimpa nusu ili aondoke. Je, tulifanya vibaya?

Ndiyo, mlifanya vibaya, na huyo mama ana haki ya kuwadai nusu hiyo. Hisa zina jina la mwanachama. Hakuna anayezitoa ila yeye kwa sahihi yake, au mahakama kwa amri yake. Bwana akiwa na madai, ayapeleke mahakamani, nanyi mkiitwa mpeleke kitabu. Angalieni katiba ya kikundi chenu inasema nini juu ya hisa za mwanachama anapoachika au anapokufa. Vikundi vilivyoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2022 vinatakiwa kuwa na katiba, na nyingi nilizosoma hazisemi neno lolote juu ya hili. Liwekeni kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla ya ripoti ya mbuzi.